Wewe ulimnyoa nywele tu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtu wa kawaida anayejitolea kutunza hifadhi anasaidia kweli, au anakwenda kupiga picha? Nimekuwa nikienda kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza sikusaidia kitu. Pengine niliharibu.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa panga na kipande cha ardhi kilichomezwa na lantana, kile kichaka cha maua ya rangirangi kilichotoka Amerika ya joto na kusambazwa duniani na watu waliokipanda kwa urembo. Nilifyeka kama ninayelipwa kwa ekari. Jioni tukapiga picha mbele ya uwanja mweupe, mikono imechubuka, meno nje. Nilivyorudi baada ya mvua, kila kisiki kilikuwa kimetoa machipukizi manne, matano, mengine yananifika gotini. Bwana misitu, mzee asiyependa maneno mengi, alichutama, akafukua udongo kwa vidole hadi pale shina linapoingia ardhini, akanionyesha vijicho vilivyovimba. "Anakaa hapa. Wewe ulimnyoa nywele tu."

Tangu hapo natumia sururu. Unachimba kuzunguka shina, unakata mizizi ya pembeni, unang'oa kisiki kizima na kukilaza mizizi juu, jua limalizie. Asubuhi nzima watu wawili mnasafisha kieneo ambacho panga lingekipitia kwa robo saa. Halafu lazima mrudi, kwa sababu ndege hula yale matunda meusi na kudondosha mbegu kila mahali. Miche yake mnaing'oa kwa mkono, udongo ukiwa bado na unyevu. Msiporudi, ile siku ya kwanza mlifanya mazoezi ya viungo.

Tena si kila mche ni gugu. Niliwahi kung'oa mti mchanga wa asili kwa kutojua. Mzee aliuokota, akaurudisha shimoni, akaushindilia udongo kwa kisigino, kimya. Afadhali angenigombeza.

Kazi ninayoipenda zaidi haina hata cha kupiga picha: njia za miguu. Njia ya mteremkoni isipoangaliwa hugeuka mto. Udongo umeshindiliwa na nyayo, maji hayazami, yanashuka kwa kasi na kuchukua kila kilicholegea. Watu nao wakikwepa utelezi hukanyaga nyasi za pembeni, nazo zikifa njia inazidi kutanuka. Dawa yake ni mtaro mfupi unaoikata njia kwa mshazari, upande wa chini umekingwa kwa gogo au mawe, ili maji yatolewe majanini kabla hayajapata nguvu. Mtaro huo huziba kwa majani na mchanga. Mtu mmoja mwenye koleo, akiuzibua kabla ya mvua, ameokoa kazi ya wiki nzima. Nani atajitangaza kwa kuzibua mtaro?

Najua wengi mkisikia kujitolea mnawaza kupanda miti. Sina ugomvi na miti. Kisiwa cha Tiritiri Matangi huko New Zealand kilikuwa kimefyekwa kwa kilimo na malisho. Kati ya 1984 na 1994 watu wa kujitolea walipanda huko miti zaidi ya 250,000, na leo kina msitu na ndege adimu. Lakini hata huko sehemu kubwa iliachwa wazi makusudi, kwa sababu wapo ndege kama takahe wanaokula nyasi. Uwanda wa nyasi si msitu uliopungukiwa miti. Kabla hujashika mche, uliza hapo pamekuwa na nini siku zote.

Na gogo lililooza liacheni lilipo, jamani. Wageni huwashwa mikono wakiliona, wanataka "kusafisha". Ndani mna mbawakawa, uyoga, pengine na mjusi aliyejificha jua. Ni nyumba ya watu ile.

Ile picha ya siku ya kwanza bado ninayo kwenye simu. Pale niliposimama nikicheka tumeparudia mara tatu. Jumamosi ijayo itakuwa mara ya nne: sururu ziko mbili, na waliojiandikisha ni saba.