Piga Simu Kabla Hujamtuma Mtoto: Kwa Mnaoanza Kazi na Watoto Waliosafirishwa Kiharamu

Ukianza kazi hii utakabidhiwa orodha: jina la taasisi, namba ya simu, aina ya huduma. Ipokee kwa mikono miwili, lakini usimtume mtoto popote kwa kuiamini hiyo karatasi. Orodha huchakaa haraka. Nyumba salama iliyoandikwa "watoto" huenda inapokea wasichana peke yao, au ilifungwa siku nyingi baada ya ufadhili kukatika. Kituo cha ushauri nasaha huenda kina mtaalamu mmoja anayeingia mara moja kwa wiki.

Kwa hiyo tenga muda, sasa hivi kabla kesi haijakufikia, upige namba moja baada ya nyingine. Uliza mambo ambayo hakuna aliyeyaandika. Usiku mnapokea? Mvulana wa miaka 16 je? Msichana mjamzito, au aliyebeba mtoto wake mgongoni? Mtoto mwenye ulemavu? Asiye na cheti chochote? Mnataka barua ya ustawi wa jamii, ya polisi, au amri ya mahakama? Anaweza kukaa kwa muda gani, na muda ukiisha anaenda wapi? Nani humsindikiza siku ya kutoa ushahidi? Andika majibu pamoja na tarehe na cheo cha uliyezungumza naye, kisha baada ya miezi michache piga tena.

Wavulana ndio watakaokunyima usingizi. Makazi mengi yaliundwa kwa kumfikiria msichana aliyeingizwa kwenye biashara ya ngono. Kijana aliyetumikishwa machimboni au kwenye boti ya uvuvi anafika akiwa na mwili wa kazi na sauti nzito, kila mlango unamwona mtu mzima. Yeye mtafutie nafasi mapema kuliko wote. Na usisahau kwamba wavulana nao huingiliwa kimwili; hawasemi tu.

Sheria ujue kiasi cha kujibu hoja mbili utakazosikia kila mara: "alikuja mwenyewe" na "wazazi wake walikubali". Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, inamhesabu mtoto kuwa ni kila mtu aliye chini ya miaka 18, na kwake haihitajiki kuthibitisha vitisho wala udanganyifu. Kuchukuliwa, kusafirishwa, kuhifadhiwa au kupokelewa kwa nia ya kunyonywa kunatosha. Ridhaa yake haibadilishi kitu, na ya mzazi pia. Wala si lazima awe amevuka mpaka. Aliyetolewa kijijini kwa ahadi ya shule akaishia kufanya kazi za ndani bila mshahara naye ni wako. Umri ukiwa na utata, mhudumie kama mtoto wakati uchunguzi unaendelea. Eksirei ya mifupa inaweza kupishana na umri halisi kwa miaka, kwa hiyo usikubali iwe neno la mwisho.

Sasa mtoto amefika. Wageni wa kazi hii hukimbilia maelezo: nani alikuleta, ulilipwa ngapi, ulipita njia gani. Maelezo yatasubiri, saa za hospitali hazisubiri. Kama kuna dalili ya kuingiliwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Uzuiaji wa mimba kwa dharura una hadi saa 120. Kwa hiyo namba ya kwanza unayotakiwa kuijua kwa kichwa ni ya kituo cha afya kinachotoa huduma hizo usiku na mwishoni mwa wiki. Uliza pia kama wanamhudumia mtoto kwanza na fomu ya polisi ifuate, kwa sababu mahali pengine mhudumu wa mapokezi atakurudisha ukaitafute fomu huku saa zinakwenda.

Mwangalie aliyemleta. Mara nyingi ni mtu mzima mpole anayejitambulisha kama shangazi au mjomba, na ukimuuliza mtoto jina lake anayejibu ni yeye. Mtoto naye humtupia jicho kabla hajafungua mdomo. Usigombane. Mwambie, "Shangazi, shikamoo, karibu ukae hapa nje kidogo, kuna karatasi ninamalizia na mtoto," kisha funga mlango. Mkalimani naye asitoke kwa watu waliokuja na mtoto, hata kama ni yeye tu aliyepo. Afadhali mkalimani wa kwenye simu kutoka mbali.

Usimwahidi mtoto kwamba hutamwambia mtu yeyote. Huwezi kuitimiza ahadi hiyo, na siku atakapogundua hatakuamini tena. Mwambie ukweli mdogo mdogo: nani ataambiwa, kwa nini, na kwamba kabla mtu huyo hajaambiwa, mtoto mwenyewe atajua. Utashangaa jinsi maswali yake yanavyokuwa ya kawaida. Begi langu liko wapi. Mdogo wangu amebaki kule. Nina deni, nisipolipa watamfuata mama. Hilo la deni lishike kwa mikono miwili, maana linakuonyesha hatari iko upande gani, na kwamba familia nayo huenda inahitaji ulinzi. Simu yake usimpokonye. Mweleze kwamba inaweza kuonyesha alipo, mkubaliane kuizima, na usifute kitu ndani yake kwani ni ushahidi.

Rufaa yenyewe, yaani kumkabidhi mtoto kwa huduma nyingine, watu wengi huifanya vibaya kwa kudhani ni fomu. Fomu ikitumwa, mtoto bado yuko mikononi mwako. Rufaa imekamilika pale mtu mwenye jina upande wa pili anapokwambia, "Ameshafika, yuko na mimi." Mpaka hapo, wewe ndiye mwenye kesi. Andika kwenye fomu yale tu ambayo huduma hiyo inayahitaji: daktari wa meno hahitaji kujua alinyonywa vipi. Historia ya mtoto isiingie kwenye kundi la WhatsApp, hata la wafanyakazi wenzako, na picha yake isipigwe kwa ajili ya ripoti ya mfadhili. Kadiri anavyosimulia mara chache ndivyo bora. Omba polisi, ustawi wa jamii na mwanasheria wamsikilize kwa pamoja mara moja, mtu mmoja akiuliza.

Ukikosa nafasi kabisa, mahabusu si makazi, hata "kwa usiku mmoja tu". Piga huduma ya simu kwa mtoto: nchi kadhaa za Afrika hutumia 116, na sehemu kubwa ya Ulaya 116 111. Uliza kama kuna familia za malezi ya muda zilizokwisha kukaguliwa. Kwa mtoto mdogo hizo ni bora kuliko bweni lolote. Tafuta mapema pia msaada wa kisheria, kwa sababu kuna watoto wanaoshtakiwa kwa hati bandia au kwa makosa waliyolazimishwa kuyafanya, na asipokuwepo wa kusema kwamba hawapaswi kuadhibiwa, wataadhibiwa. Aliye peke yake aombewe mlezi wa kisheria.

Mtoto akiwa wa nchi nyingine, zoea la wengi ni kupiga simu ubalozini asubuhi ya kwanza. Ngoja. Hujajua bado kama yeye au wazazi wake wanaiogopa serikali ya kwao. Kama wanaiogopa, suala hilo ni la hifadhi ya ukimbizi, na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, au mamlaka ya wakimbizi ya nchi ndio wa kuanza nao. Vinginevyo IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, husaidia safari na mipango ya kurejea, na International Social Service, mtandao ulioanza mwaka 1924, hufanya kazi ya kuitathmini familia iliyo upande wa pili wa mpaka.

Tathmini hiyo usiikubali ikiwa ya simu moja. Kuna nyumba ambako aliyemtoa mtoto mara ya kwanza bado anakula meza moja na baba. Kumrudisha haraka kunapendeza kwenye takwimu za mradi. Mimi huuliza kwanza nani atamtembelea baada ya mwezi, na ada ya shule italipwa na nani.

Mwisho, angalia tarehe ya kuzaliwa. Huduma nyingi hukatika siku anayotimiza miaka 18, wakati mwingine katikati ya kesi mahakamani au ya matibabu. Akiwa na miaka 16 au 17 anza kutafuta makazi ya vijana, mafunzo ya ufundi na kliniki ya watu wazima, na mpeleke akawajue wahudumu wa huko angali bado yuko kwenye jalada lako.