Bima ya mafuriko kwa mwenye nyumba Dar es Salaam: ukate au uache?

Kabla hujamuuliza wakala bei ya bima, subiri siku ya mvua kubwa, vaa mabuti, utoke nje uangalie maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Jibu la kukata au kuacha linaanzia hapo. Nyumba za Dar es Salaam hazipati maji kwa namna moja, na kampuni za bima hazizitazami kwa jicho moja.

Zipo zilizo ndani ya njia ya mto. Bonde la Msimbazi, kule Kigogo na Jangwani, ndilo linalotajwa zaidi, lakini Mto Mbezi na Mto Tegeta nayo ina watu waliojenga ukingoni kabisa. Zipo za tambarare, kama sehemu za Mikocheni na Boko Basihaya, ambako maji hayaji kwa kasi. Yanatuama tu kwa sababu hayana pa kutokea. Zipo za miteremkoni, Kimara na Goba, ambako shida si maji kuingia sebuleni bali korongo kula kiwanja kidogo kidogo mpaka msingi unaning'inia. Halafu kuna kundi ambalo wenyewe huwa hawajihesabu: nyumba ambazo hazijaingia maji kwa miaka kumi, lakini ziko chini ya usawa wa barabara iliyoinuliwa, au jirani na mtaro mmoja unaobeba maji ya mtaa mzima. Siku kalavati likiziba kwa taka, maji yanageukia getini kwako.

Kundi hili la mwisho tunaliambia bila kusita: kata bima. Hatari yenu haiji mara kwa mara, hivyo kampuni inakubali kuibeba kwa ada ya kawaida, na siku ikija hasara yake ni kubwa kuliko akiba ya familia nyingi. Mvua za Desemba 2011 zilivunja rekodi iliyokaa tangu 1954. Miaka kumi ya ukavu si ushahidi wa kutosha.

Wa tambarare nao wakate, ila kwa macho makali zaidi, kwa sababu tutakazoeleza. Wa ukingoni mwa mto wana habari ngumu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na nyumba iliyo ndani ya mita hizo ina tatizo kabla hata ya maji kufika. Kampuni inaweza kuikataa, au ikaikubali kwa moto na wizi huku ikiondoa mafuriko. Ukipata anayekubali yote bila kuja kuona nyumba, usifurahi haraka: swali la umbali wa mto litaulizwa wakati wa madai, na hapo ada yako imeshaliwa. Nyumba inayoingia maji kila masika, fedha ya ada itakusaidia zaidi ukiiweka kwenye kuinua sakafu, kupandisha soketi za umeme hadi usawa wa kifua na kuhamisha pampu ya maji kutoka chini, huku ukitafuta namna ya kuondoka.

Na wa kwenye korongo: ardhi haikatiwi bima. Bima ya nyumba inalipia jengo. Mto ukimega mita tano za kiwanja chako, hizo zimekwenda. Hata jengo lenyewe likipasuka kwa sababu udongo umehama, hati nyingi za bima, yaani mkataba wako na kampuni, zinaliita hilo kuhama au kuporomoka kwa udongo, na ni janga linalotajwa peke yake. Kama halikutajwa kwenye hati yako, neno mafuriko halitakuokoa.

Hapa ndipo watu wengi huumia, kwa hiyo tukae kidogo. Ni nadra kuuziwa bima ya mafuriko inayosimama peke yake. Unachouziwa ni bima ya moto yenye majanga ya nyongeza, au kifurushi cha bima ya nyumba chenye jengo, vyombo vya ndani na dhima kwa watu wengine, yaani madhara wanayoyapata kwa sababu yako. Kipeperushi kinaweza kuwa na picha ya nyumba ndani ya maji, kipeperushi hakilipi. Kinacholipa ni jedwali la hati yako, ile karatasi yenye jina lako, anwani, thamani na orodha ya majanga. Hati nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tafuta neno "flood" kwenye jedwali, kisha ulitafute tena kwenye kurasa za mambo yasiyolipiwa. Lisipokuwepo kwenye jedwali, mwambie wakala aliongeze kwa maandishi kabla hujalipa. Maneno ya "usijali, imo" kwenye simu hayana kazi.

Ukishalipata, uliza linamaanisha nini. Mto au mtaro kufurika na maji kuingia ndani, hilo ni mafuriko. Maji ya mvua yaliyopita kwenye bati lililotoboka ni dhoruba au uchakavu, na uchakavu haulipiwi. Bomba kupasuka ndani ni jambo jingine tena. Na maji yanayopanda kutoka chini ya ardhi, yale yanayosukuma vigae na kulowesha ukuta kuanzia chini, hati nyingi zinayaondoa waziwazi. Ndiyo maana tumewataka watu wa tambarare wawe makini: kwenye maeneo ambayo maji ya ardhini yako juu, masika yakikolea nyumba inaweza kulowa kutoka chini bila tone kupita mlangoni. Pata jibu la hilo kwa barua pepe, siyo kwa mdomo.

Angalia pia fensi na geti. Maji yakikusanyika upande mmoja wa ukuta usio na matundu ya kuyapitisha, huusukuma wote ukalala, na kuujenga upya ni gharama nzito. Lakini hati zipo zinazolipia ukuta wa fensi pale tu nyumba yenyewe imeharibika wakati huohuo, na nyingine zinauacha nje kabisa. Taja fensi, geti, tangi la chini na shimo la maji taka kwa majina yake kwenye fomu ya maombi, kila kimoja na thamani yake.

Sasa thamani. Usiandike bei ambayo ungeuzia nyumba, maana ndani yake kuna kiwanja. Andika gharama ya kulijenga upya jengo hilohilo leo: tofali, nondo, bati, fundi, kubomoa na kusomba kifusi. Na usiipunguze ili ada iwe ndogo, kwa sababu kampuni hutumia kanuni ya uwiano. Tuseme kujenga upya ni shilingi milioni 120, wewe ukaandika milioni 60. Mafuriko yakaharibu vitu vya milioni 20. Kwa kuwa ulikata bima ya nusu ya thamani, kampuni inakuhesabia nusu ya hasara, yaani milioni 10. Watu hudhani kwamba hasara ikiwa chini ya ile milioni 60 italipwa yote. Hapana.

Kwenye hiyo milioni 10 inatoka eksesi, kile kiasi unachobeba mwenyewe kwanza. Kwa mafuriko eksesi mara nyingi huwa kubwa kuliko ya moto na huandikwa kama asilimia ya fidia yenye kiwango cha chini. Ikiwa ni asilimia 10, unabaki na milioni 9 kwa hasara ya milioni 20, wakati kwa thamani kamili ungebaki na milioni 18. Upande wa ada, tuseme umepewa kiwango cha asilimia 0.2: kwa thamani kamili ya milioni 120 ni shilingi 240,000 kwa mwaka, na VAT juu yake, kwa thamani ya nusu ungelipa 120,000. Yaani ungeokoa laki moja na ishirini ukapoteza milioni tisa. Kiwango chako kinaweza kuwa tofauti na huu wa mfano, lakini fanya hesabu hii kabla ya kusaini.

Waliojenga kwa mkopo wa benki wasidhani wamemaliza. Bima ya mkopo ambayo benki hukata kwenye fedha yako mara nyingi ni ya maisha: inalipa deni ukifariki au ukipata ulemavu wa kudumu. Maji hayaihusu. Kama ipo na bima ya jengo, omba nakala, kwa sababu thamani iliyoandikwa huenda ni ya deni tu, na fidia ikitoka benki ndiyo ya kwanza kulipwa. Mpangaji naye anaweza kukatia vyombo vyake. Bima ya mwenye nyumba haigusi friji wala godoro la mpangaji.

Muda wa kukata ni kiangazi. Vuli huanza Oktoba na masika huanza Machi, na mamlaka ya hali ya hewa ikishatoa tahadhari, kampuni inaweza kusitisha kupokea nyumba mpya au kuweka siku za kusubiri. Usijihesabu una bima mpaka ada imelipwa na risiti iko mkononi. Kisha hakiki namba ya hati kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Wakala feki wapo. Fomu ikiuliza kama nyumba imewahi kuingia maji, sema ukweli, hata kama ni mara moja na yaliishia barazani. Majirani wataulizwa, na jibu la uongo linaweza kuifuta hati nzima.

Siku maji yakiingia, zima umeme kwenye swichi kuu kabla hujakanyaga maji, na kama swichi yenyewe imefikiwa na maji, usiiguse, waite TANESCO. Watu wakiwa salama, piga simu kwa kampuni siku hiyohiyo, kisha tuma ujumbe au barua pepe ili kuwe na tarehe. Baada ya hapo, zuia mkono wako usishike fagio. Maji yakishuka huacha mstari wa tope ukutani, umenyooka kama uliochorwa kwa rula, na huo mstari ni shahidi wako mkubwa kuliko maneno yoyote. Simamisha futi ya fundi kuanzia sakafuni hadi kwenye mstari, piga picha namba zikisomeka, kila chumba. Fungua makabati ya jikoni upige picha chini: MDF, yaani mbao za unga ulioshindiliwa, ikilowa huvimba kama mkate, mlango haufungi tena, na haikauki ikarudi ilivyokuwa. Piga picha ya kibandiko cha nyuma cha friji na cha pampu chenye namba ya mashine.

Kusafisha ni lazima, maana tope lililochanganyika na maji taka ni hatari kwa watoto. Ila safisha baada ya picha, na vitu vilivyoharibika vitoe nje uviweke pamoja. Usivitupe wala kumuuzia mtu wa chuma chakavu mpaka mtathmini wa hasara, yule anayekuja kukadiria madai yako, avione. Zulia likinuka sana, kata kipande cha futi moja ukitunze. Gharama za kuzuia hasara isiongezeke, kama kukodi pampu ya kunyonya maji, omba ridhaa ya kampuni kwa ujumbe na utunze risiti.

Mtathmini akija, mpe makadirio ya fundi yaliyochambuliwa: mita ngapi za plasta, milango mingapi, soketi ngapi. Karatasi yenye "ukarabati wa nyumba, milioni 18" itakatwa. Fidia ikikubaliwa utaletewa fomu ya kusaini kwamba umepokea na hutadai tena. Isome kwa utulivu. Plasta iliyolowa inaweza kuonekana nzima leo ikaanza kumeguka baada ya wiki kadhaa, na ukishasaini hilo ni lako. Ukiona kiasi hakilingani, andika barua ya kupinga kwa kampuni kwanza, tunza nakala yenye muhuri wa kupokelewa, ndipo uende kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Hati ya nyumba, jedwali la bima, risiti za ujenzi na picha za vyumba kabla ya maafa, vipige picha leo uvitume kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine. Droo ya chini ya kabati la chumbani ndiyo ya kwanza kujaa maji.