Nichapishe kwanza au nitume mswada?

SWALI: Shikamoo Mama Mhariri. Nina duka dogo la picha za pasipoti na kutoa kopi hapa Majengo, Moshi. Usiku wateja wakiisha huandika mashairi, na sasa yamefika kama mia moja na kumi. Nimesikia kuna chuo kikuu cha Marekani kinachodhamini tuzo ya diwani za Kiswahili. Fundi wa kuchapa pale Double Road anasema nakala mia tatu ni shilingi milioni moja na nusu, na kwamba bila kitabu chenye jalada majaji hawatanisoma. Nikakope VICOBA?
Mpiga Picha, Majengo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pesa ya VICOBA iache iliko. Huyo fundi anauza karatasi, simlaumu, ila hilo la majaji kalitunga.

Tuzo uliyoisikia ni ya Chuo Kikuu cha Cornell. Ilianzishwa mwaka 2014 na mwandishi Mukoma wa Ngugi na msomi wa fasihi Lizzy Attree, ikaitwa Mabati-Cornell kwa sababu mfadhili mwenza alikuwa kiwanda cha mabati cha Kenya, ndugu wa ALAF yetu hii ya mabati. Baadaye ikaitwa Safal-Cornell, kwa jina la kampuni mama ya viwanda hivyo. Inapokea mswada ambao haujachapishwa, na pia kitabu kilichotoka ndani ya miaka miwili. Nafasi ya kwanza ya ushairi imekuwa dola 5,000, na diwani iliyoshinda huchapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Dotto Rangimoto, Mtanzania mwenzetu, alishinda mwaka 2017, na diwani yake ikatoka baada ya ushindi. Mshindi hulipwa, kisha akachapishiwa. Wewe unataka kuanza kwa kulipa!

Tena kuharakisha kuchapa kunaweza kukufungia mlango kwingine. Kuna tuzo ya Sillerman, ambayo washindi wake huchapishwa na Chuo Kikuu cha Nebraska. Hiyo ni ya washairi wa Kiafrika ambao hawajatoa diwani hata moja, na kitabu ulichojichapishia ukakiuza nacho kinahesabika. Wao wanataka Kiingereza, au tafsiri, kwa hiyo kwa sasa si mbio zako, lakini ujue.

Sasa kazi yenyewe. Mia na kumi si diwani, ni rundo. Nimesahihisha miswada miaka mingi, na kinachoiangusha sana ni mwandishi kutotaka kutupa. Toa mashairi ya harusi za jamaa. Toa yale ya kampeni, na lile la kumsifu mwenye nyumba wako (najua lipo). Mashine ya kopi unayo mwenyewe: toa kopi ya kila shairi kwenye karatasi yake, tandaza sakafuni dukani ukishafunga, kisha soma kwa sauti, si kimoyomoyo. Popote ulipopachika "daima" au "jamani" ili mizani itimie, utajisikia ukijikwaa. Hapo rekebisha ubeti mzima, usibadilishe neno moja tu ukadhani umemaliza. Na shairi usiloweza kusema limekaa pale kwa nini, kati ya lililotangulia na linalofuata, liondoe. Yakibaki sitini mazuri, umefika.

Ningekushauri uanze na mashairi ya dukani. Watu wanaokuja kupigwa picha ya pasipoti wakiwa na safari mioyoni, hao hakuna mwenzako anayewaona kila siku kama wewe. Mlima Kilimanjaro tumeshauimba wote.

Mtu akikuambia umlipe ili "akupitishie" mswada, mkatalie. Tarehe na idadi ya kurasa zifuate tangazo la mwaka husika, si maneno ya vijiweni. Nyumbani pia ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), ambayo mshindi wa kwanza amekuwa akipata shilingi milioni 10. Ila kabla ya kupeleka mswada mmoja sehemu mbili, soma masharti ya kila upande.