Wasomaji Wanauliza: Kuonja mvinyo mweupe na wa viputo

SWALI: Mwezi ujao mimi na mume wangu tutakuwa Cape Town. Tunataka kutembelea shamba la mvinyo la familia lenye historia, tuonje mvinyo mweupe na ule wa viputo. Twende wapi, na tuanze na upi? (Msomaji, Nyali, Mombasa)

JIBU: Nendeni Simonsig, eneo la Koelenhof karibu na mji wa Stellenbosch, kiasi cha kilomita 50 kutoka Cape Town. Ni shamba la ukoo wa Malan. Mwaka 1971 Frans Malan alitengeneza Kaapse Vonkel, mvinyo wa kwanza wa Afrika Kusini kuchachushwa mara ya pili ndani ya chupa, kama wanavyofanya huko Champagne, Ufaransa. Mwaka huohuo yeye na wenzake wa mashamba ya Spier na Delheim walianzisha Njia ya Mvinyo ya Stellenbosch, inayowaunganisha wageni na mashamba.

Kaapse Vonkel ya mwanzo ilitokana na zabibu za Chenin Blanc. Siku hizi ni Chardonnay, Pinot Noir na Pinot Meunier kidogo. Kwa hiyo ombeni pia Chenin Blanc yao isiyopita kwenye pipa, mpate kuonja zabibu iliyoanzisha safari hiyo.

Anzeni na wa viputo ulio mkavu, mfuatishe Chenin isiyo ya pipa, kisha iliyokaa kwenye pipa la mwaloni. Mtamu uje mwisho, maana ukitangulia, mkavu unaofuata utaonekana mchachu kupita kiasi. Mililita 50 kwa kila glasi zinatosha kabisa. Na temeni! Ndoo ya kutemea imewekwa kwa kazi hiyo, wala hakuna atakayewaona hamna adabu. Glasi sita za namna hiyo ni mililita 300, karibu nusu chupa, na mmoja wenu huenda akawa dereva.

SWALI: Kila nikifungua mvinyo wa viputo nyumbani unafurika mezani, halafu kwenye glasi viputo vinakufa upesi. Je, nauziwa mbovu? (Msomaji, Mbezi Beach, Dar es Salaam)

JIBU: Mara nyingi kosa ni joto, na glasi.

Kabla ya kuziba chupa, mtengenezaji huongeza hamira na sukari kama gramu 24 kwa lita. Hamira inakula sukari na kutoa gesi isiyo na pa kutokea, hadi mgandamizo unafika bar 5 au 6, zaidi ya mara mbili ya ule wa tairi la gari dogo. Gesi hiyo hutulia ndani ya mvinyo ukiwa baridi. Ukiwa na joto, inatoka yote kwa pamoja. Hapo ndipo meza inapolowa.

Laza chupa kwenye friji kwa muda wa saa tatu au nne. Ukiwa na haraka, tumia ndoo yenye barafu nusu na maji nusu kwa dakika 30. Barafu tupu haifai, kwa sababu inaigusa chupa sehemu chache tu. Friza tuiache: ukisahau, chupa inaweza kupasuka. Lengo ni nyuzi 6 hadi 9.

Ondoa karatasi ya shingoni. Weka kidole gumba juu ya kizibo, legeza waya kwa kuuzungusha nusu mzunguko mara sita, na usikiondoe kidole hicho tena. Inamisha chupa nyuzi 45, mbali na nyuso za watu, kwa sababu kizibo kinaweza kutoboa jicho. Shika kizibo, zungusha chupa, na ukikizuia kisitoke kwa nguvu utasikia mlio mdogo tu. Mlipuko mkubwa ni gesi uliyoilipia ikipotea.

Upande wa glasi, sabuni inayobaki huua viputo na povu. Suuza kwa maji ya moto, acha zikauke zenyewe. Chagua glasi yenye tumbo kiasi na mdomo uliobana. Ile nyembamba ndefu inapendeza machoni lakini inanyima pua nafasi, nasi tunaona ni hasara, kwani harufu ya mkate na lozi imegharimu mvinyo muda mrefu juu ya hamira iliyokufa. Kwa Cap Classique, yaani mvinyo wa viputo wa Afrika Kusini unaochachushwa mara ya pili ndani ya chupa, ni angalau miezi 12. Jaza kidogokidogo. Kwa joto la Dar glasi iliyojaa itapata joto na kupoteza ladha yake kabla hujafika katikati.

SWALI: Nilinunua chupa yenye maneno "Extra Dry" nikitaka mkavu kabisa, nikakuta utamu. (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Kwa mvinyo wa viputo, Extra Dry una sukari gramu 12 hadi 17 kwa lita, hivyo ni mtamu kuliko Brut, ambao hauzidi gramu 12. Tafuta Extra Brut, usiozidi 6, au Brut Nature, chini ya 3.

SWALI: Chenin Blanc inalimwa hapa kwetu pia. Nitailinganishaje na ya Stellenbosch kwa haki? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Chagua mbili zisizo za pipa, zote kavu, za mwaka mmoja. Zipoze pamoja hadi nyuzi 10, funika chupa kwa soksi au gazeti, na mtu mwingine amimine. Nusa kwanza bila kutikisa, kisha tikisa unuse tena: tafuta tufaha, pea, mapera yetu mekundu, asali. Ukisikia boksi lililolowa, kizibo kimeharibu mvinyo. Tufaha lililopondeka pamoja na rangi ya kahawia ni dalili ya hewa kuingia. Chupa kama hiyo usiihesabu. Vipande vinavyong'aa kama sukari chini ya chupa si kosa, ni chumvi ya zabibu iliyoganda kwa baridi.

Baada ya kutema, hesabu mate yanajaa mdomoni kwa muda gani. Huo ndio uchachu, na ndipo tofauti itakapojitokeza. Zabibu hupoteza asidi kwenye joto, wakati Stellenbosch hupata upepo wa baridi kutoka ghuba ya False Bay. Usichanganye harufu ya tunda na sukari: bana pua, onja tena, ulimi utakuambia kama utamu upo kweli.