Nimeposwa na shemeji, na moyo haumtaki

SWALI: Mimi ni mjane, nakaa mtaa wa Langoni, Lamu, katika nyumba aliyoiacha mume wangu, pamoja na wanangu wawili wa kiume na mavyaa (mama wa mume wangu), ambaye naye ni mjane. Mume wangu alikuwa mvuvi, akafa maji wakati wa kusi. Nilipotoka edani, wazee wa upande wake waliniarifu kwamba wameafikiana niolewe na shemeji, ili watoto wasitawanyike na nyumba isiingie mgeni. Shemeji ni mtu mwema, na mavyaa amenilea kama binti yake, lakini sitaki ndoa hii. Nashona kofia, pesa zake zinatosha chakula, hazitoshi kodi. Je, nikikataa nitakuwa nimekosa fadhila?

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa msiba. Wazee wamefunga pamoja mambo mawili yasiyohusiana: amri juu ya nafsi yako, na wema uliotendewa.

Amri ni yako. Aya ya 19 ya Surat An-Nisaa inakataza kuwarithi wanawake kwa nguvu, na wafasiri wanaeleza kwamba iliteremka kuivunja ada ya jamaa wa maiti kujiona wana haki juu ya mjane wake. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu pwani, mwanamke aliyewahi kuolewa haozwi mpaka atamke ridhaa kwa kinywa chake. Tena walii wako, yaani mwenye kukuozesha, hutoka kwenu, si kwa wakwe. Kifungu cha 45 cha Katiba ya Kenya ya 2010 nacho kinataka ridhaa huru ya wote wawili.

Kuhusu kodi, usikubali kutishika. Ikiwa nyumba ilikuwa mali ya marehemu, basi baada ya madeni na wasia wewe una thumuni (fungu moja kati ya manane), mavyaa ana sudusi (fungu moja kati ya sita), na kilichobaki ni cha wanao. Shemeji hana fungu maadamu kaka yake ameacha watoto wa kiume. Thumuni yako haipungui ukiolewa wala usipoolewa. Nenda Mahakama ya Kadhi mapema, mirathi igawanywe kwa maandishi.

Linaloniuma zaidi ni hilo la fadhila, kwa sababu naona unampenda mavyaa kweli. Wema wake unastahili kulipwa kwa kumuuguza, kwa kumpa heshima yake na kwa kumwacha awashibe wajukuu wake. Kwa ndoa, hapana, kwa maana mke asiye na moyo humdhulumu mume pia. Nadhani mama huyu, aliyekwisha kumzika mwanawe, anaogopa kupokonywa wajukuu pia. Basi usingoje kikao cha wazee. Jioni, mkiwa wawili tu na kofia yako mapajani, mwambie waziwazi, bila mafumbo, kwamba hutaki kuolewa na shemeji na kwamba huna nia ya kuwahamisha wajukuu wake. Akilia, mwache alie, wala usibadili neno kwa kumhurumia.

Kuna jambo moja barua yako haikulitaja. Umeandika kwamba wazee wameafikiana. Je, shemeji mwenyewe aliulizwa? Kijana wa kwetu huona haya kuwakatalia wazee, hasa akiwa na msiba wa kaka yake. Umtume wifi unayemwamini amuulize faraghani, na amweleze kwamba kwa wanao atabaki ami yao, aingie na kutoka nyumbani kama zamani.