Kisu gani? Niambieni kwanza nani atakinoa

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: mtu wa Nairobi asiye na pesa nyingi anunue kisu gani cha kubeba kila siku na kwenda nacho kambini, cha kukunja au cha ala? Najua mtaletewa majina ya visu tele. Lililonigusa ni lile ambalo hamkuuliza: makali yakiisha, nani atakinoa? Nairobi visu haviuawi na kazi. Vingi vinauawa langoni, juu ya baiskeli ya mnoaji.

Nimalize lenu kwanza, upesi. Cha ala, bila kusita. Cha kukunja kina bawaba inayolegea, kufuli inayoteleza na tundu linalojaa mafuta ya nyama choma. Cha ala ni kipande kimoja, unakiosha, unakipangusa, basi. Bapa la sentimita 9 hadi 11 linatosha kila kazi, na mgongo uwe wa milimita 2 hadi 2.5. Kwenye unene ndipo wengi hupotea. Wanaona kwenye video Mzungu akipasua gogo kwa kisu cha milimita 5, akikigongea kwa rungu, wanadhani hicho ndicho kisu cha porini. Yule hana panga. Sisi tunalo, na kazi ya gogo ni ya panga. Kwa hiyo kisu chako kina ruhusa ya kuwa chembamba. Mwangalie mama mboga anavyokata sukuma wiki mkononi, nyuzi nyembamba kama uzi wa kushonea. Kile kisu chake ni chepesi mno, hakina jina, na hakuna kisu cha milimita 5 kitakachokifikia.

Ndiyo maana visu vya springi vya masoko ya Kamukunji na Gikomba vinanitia shaka, ingawa chuma chenyewe ni kizuri. Jani la springi ya gari huwa na kaboni ya asilimia 0.6 hivi na hushika makali vizuri likizimwa sawasawa, yaani kutumbukizwa kwenye oili likiwa jekundu kwa moto. Ila fundi mara nyingi huliacha na unene wa milimita 6, na mara nyingine halizimi kabisa: amelipasha moto, amelifua, ameliacha lipoe lenyewe. Nenda na tupa ndogo. Ipitishe taratibu kwenye ukingo wa makali, karibu na mpini. Ikiteleza kama iko juu ya kioo, chuma kimekomaa. Iking'ata na kutoa unga, rudisha kisu mezani. Fundi anayejua kazi yake hatakasirika.

Kwa vile vya dukani vinavyotoka China, soma bapa. Ukiona 3Cr13, tarakimu ya mwanzo ni kaboni, takriban asilimia 0.3, na 13 ni asilimia ya kromiamu. Hicho hakishiki kutu kirahisi lakini makali yake hayakai. 8Cr13MoV ina kaboni ya 0.8 hivi, tafuta hiyo. Kilichochorwa simba na fuvu bila kutaja chuma, kiache hapo kilipo. Ukipata mtu wa kukuletea kutoka nje, Mora wa Sweden na Opinel wa Ufaransa huko kwao ni visu vya bei ya chini kabisa, ila vikifika huku na nauli na ushuru bei inabadilika.

Sasa mnoaji.

Chukueni kisu kimoja cha mtaa wa Umoja. Kilikuwa Mora wa chuma cha kaboni, kile kinachoshika kutu, mpini wa plastiki, zawadi ambayo mwalimu mmoja mstaafu aliletewa na mwanawe. Mwaka mzima kilikata kila kitu, kikageuka kijivu kama wingu kwa ajili ya vitunguu na maembe. (Kijivu hicho si kutu, kiacheni, kinalinda chuma. Kutu ni ile nyekundu.) Kilipoanza kuteleza kwenye ganda la nyanya, mwalimu akasikia "Kunoa visu! Kunoa makasi!" langoni, akashuka nacho.

Mnoaji akasimamisha baiskeli kwenye stendi yake, akavuta mkanda kutoka gurudumu la nyuma hadi kwenye jiwe la duara lililofungwa juu ya fremu, akaanza kukanyaga. Jiwe lilikuwa kavu. Pasi ya kwanza, cheche. Ya pili, cheche zaidi, na watoto wa ploti wakakusanyika. Alianzia kwenye mpini akavuta kuelekea nchani, na pale bapa linapopinda akakawia, maana hapo ndipo mkono hubadilisha mwelekeo. Alikawia sekunde mbili tu. Ncha ikaingia rangi ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu ya shingo ya tausi. Akaipangusa kwa kitambaa, akageuza upande wa pili, jiwe likaifuta ile buluu. Kisha akakata ukurasa wa gazeti hewani, shwaa. "Mwalimu, hiki sasa kinanyoa ndevu." Na kweli kilinyoa. Shilingi hamsini.

Kilinyoa siku tatu. Halafu ncha ikawa butu, na sehemu ya karibu na mpini bado inakata. Mwalimu akawalaumu Wasweden.

Wasweden hawakuwa na kosa. Kisu cha kaboni kikishazimwa kiwandani huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kigae, kwa hiyo hupashwa tena, karibu nyuzi 200 za Selsiasi, ili kipate ustahimilivu. Ukikipasha kupita hapo, ugumu unapungua na haurudi. Rangi za chuma ndizo kipimajoto: manjano ya majani makavu ni kama nyuzi 220, zambarau 280, buluu karibu 300. Ncha ni nyembamba, joto halina pa kukimbilia, ndiyo maana iliungua yenyewe na sehemu ya mpini ikapona. Kufuta buluu ni kufuta rangi tu, chuma kilicholainika kimebaki pale pale. Na msidhani kisichoshika kutu kimenusurika. Hicho huchelewa kuonyesha rangi, kwa hiyo ukiiona, umeshachelewa zaidi.

Tupa ilithibitisha. Karibu na mpini iliteleza, nchani iling'ata. Tena kulikuwa na kosa la pili, na hili hata mwenye kisu halioni. Kisu cha aina hiyo kina mteremko mmoja mpana unaoshuka hadi kwenye makali yenyewe. Jiwe la duara lilikuwa limeongeza mteremko wa pili, mfupi na wima, chini ya ule wa kwanza. Kinyozi hata akikisifu, kisu hicho kimeanza kuwa patasi.

Dawa yake ilikuwa jioni nne za kinoo cha mkono, namba 400 (namba ikipanda, chembe za jiwe ni laini zaidi), chenye maji, hadi karibu milimita moja na nusu ya chuma kilichoungua ikaisha nchani. Mteremko mpana unalazwa wote juu ya jiwe, hakuna kukisia pembe, ndiyo maana kisu hiki ni rahisi kwa anayejifunza. Unasukuma upande mmoja tu hadi upande wa pili uote kijiuzi cha chuma kwa urefu wote, kuanzia mpini hadi ncha. Hakionekani, kinakwaruza. Kipapase kwa dole gumba, ukitoka mgongoni kwenda nje, kamwe usipapase kwa kufuata makali. Kisipoota nchani, basi nchani hujafika, na kugeuza kisu kabla ya hapo ni kupoteza muda. Kikiota chote, geuza. Halafu namba 1000, pasi nyepesi za kupokezana, mwisho ukanda wa ngozi, mara 15 kila upande, mgongo ukitangulia. Kisu cha kawaida kisicho na mteremko mpana kinahitaji pembe: bapa la upana wa sentimita 2, inua mgongo kwa unene wa penseli, la sentimita 3, inua sentimita 1. Hizo ni nyuzi 20 hivi.

Nilikusudia kusema hapa kwamba wanoaji wa baiskeli wafukuzwe mtaani. Naona siwezi. Yule kijana ananoa makasi ya mafundi cherehani na visu laini vya jikoni siku nzima, na kwa hivyo jiwe lake linatosha, maana visu hivyo vinarudi kwake kila mwezi vikiwa vya chuma kile kile. Wateja wanapima kazi kwa cheche na karatasi, naye anawapa cheche na karatasi. Kisu kigumu ukimpa bila neno, kosa ni la nani? Shuka na beseni la maji, mwambie achovye kila baada ya pasi moja na asikawie nchani, umwongeze hamsini nyingine kwa muda wake. Kidole kikishindwa kugusa bapa, asimame. Hata hivyo kidole hakiufikii ule ukingo wenyewe, ambao unaweza kuungua wakati bapa bado ni baridi, kwa hiyo kwa kisu unachokipenda mimi bado nasema kinoo cha mkono.

Basi hukumu, na najua inagongana na nilichoandika juu. Mtu wa flati asiye na gari, anunue cha kukunja. Kisu cha ala kinachoachwa kabatini kwa sababu askari wa lango la jumba la biashara atakiona kwenye mkoba hakikati chochote, na kisu kiunoni kule River Road hakina maelezo yatakayomridhisha polisi wa doria. Opinel namba 8, bapa sentimita 8.5, ni chembamba kiasi kwamba kinanoleka hata kwenye ile duara isiyong'aa chini ya kikombe cha kauri. Pete yake ya chuma inafunga bapa lisikurudie vidoleni, mradi ukumbuke kuizungusha. Mpini wa mbao ukilowa huvimba na bapa hukataa kufunguka. Kianike kivulini, usikibanue kwa bisibisi. Kile cha kukunja kisicho na jina kijaribu dukani: kifungue, weka vidole mbali na njia ya bapa, gonga mgongo wake polepole kwenye ubao mara tatu. Kufuli ikiachia hata mara moja, kirudishe.

Mwenye gari na kinoo, achukue cha ala, na akiweke kwenye ala ya plastiki yenye tundu chini, si ya ngozi, maana ngozi hutunza unyevu. Naye ambaye hatanoa kamwe, wala hatashuka na beseni, asinunue chochote kati ya hivi. Akamuulize mama mboga cha kwake alikipata wapi, anunue viwili.

Na chochote mtakachochagua, mkienda Naivasha nacho pandeni matatu. Kwenye ukaguzi wa treni ya SGR kitabaki stesheni ya Syokimau.