Nililala na Cheti, Nikaamka Jina Si Langu

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kibaigwa anayekamua mafuta ya alizeti aliniandikia ujumbe uliojaa furaha. Ameshapata cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, yuko mbioni kuchapisha lebo elfu tano, na alichotaka kwangu ni ushauri wa rangi itakayovutia macho dukani. Nilisoma ujumbe ule mara mbili, kisha nikaiweka simu kifudifudi juu ya meza, kwa sababu mwaka 2019 furaha hiyohiyo ilikuwa yangu, na sikuwa na mtu wa kunishtua.

Mimi nilianza kwa kukaanga karanga katika jiko la nyuma ya nyumba, mtaa wa Chang'ombe hapa Dodoma, baada ya kujifungua mtoto wangu wa kwanza, Zainabu. Wateja walinijua kama Mama Zai, na jina hilo nikaliandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye vipakti vya kwanza. Miaka ya mwanzo siisimulii, kwani kila mjasiriamali anaijua: mkaa, jasho na mikopo ya kikundi. Inatosha kusema kwamba serikali ilipohamia Dodoma na mji ukafurika wageni, karanga na siagi ya karanga za Mama Zai zilikuwa zinaulizwa kwa jina Majengo, Makole na kwa abiria wa mabasi. Nilisajili jina la biashara, nikapata namba ya mlipakodi, nikakata leseni ya biashara, nikatundika vyeti vyote ukutani katika fremu za kioo. Nilivitazama kama mtu anavyotazama kufuli la mlango.

Mfanyabiashara wa jumla aliyekuwa akichukua katoni zangu na kuzisambaza kwenye maduka makubwa nilimwita kaka, na watoto wake wamekula ugali nyumbani kwangu. Mwaka 2021 aliacha kuchukua mzigo ghafla, akisema soko limedorora. Miezi kadhaa baadaye, Zai, ambaye wakati huo alikuwa anajifunza kusoma, alishika kopo dukani na kuuliza kwa nini karanga zetu zimebadilishwa mfuniko. Hazikuwa zetu. Mwaka uliofuata nilipokea barua ya wakili ikinitaka niache mara moja kutumia alama ya biashara ya mteja wake, yaani Mama Zai. Mteja huyo alikuwa yule kaka.

Kwa wiki nzima niliamini kwamba barua ile ni ya kitapeli, hadi nilipozungumza na ofisa wa usajili kwenye banda la maonesho ya Nanenane, Nzuguni. Alinieleza kwa upole jambo ambalo hadi leo naona aibu kwamba sikulijua. Cheti cha jina la biashara kinaitambulisha biashara na mwenye biashara hiyo, lakini hakimpi mtu haki ya kipekee juu ya jina sokoni. Haki hiyo hupatikana kwa kusajili alama ya biashara au huduma, chini ya sheria nyingine kabisa, ile ya mwaka 1986, na rejesta yake ni nyingine ingawa wakala ni uleule. Leseni ya halmashauri hailindi jina. Namba ya mlipakodi hailindi jina. Hata alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, huzungumzia kilichomo ndani ya kopo, si neno lililoandikwa juu yake.

Kilichoniuma zaidi ni siku sitini. Ombi la kusajili alama likikubaliwa, hutangazwa kwenye jarida rasmi, na yeyote mwenye hoja ana siku sitini za kuweka pingamizi. Katika siku hizo sitini mimi nilikuwa nakaanga karanga, tena nyingine nikimuuzia mtu yuleyule.

Sheria haikuniacha mikono mitupu. Mtu aliyejenga sifa kwa jina fulani anaweza kwenda mahakamani kumzuia mwingine anayeuza bidhaa zake kana kwamba ni za yule wa kwanza, hata kama jina halikusajiliwa kuwa alama. Lakini mahakama hutaka ushahidi, nami risiti nilizifungia vitumbua, lebo za mwanzo nilizitupa, na makubaliano yangu na yule kaka yalikuwa ya mdomo. Tulimalizana kwa maandishi: yeye abaki na jina, mimi niuze makopo yaliyobaki kisha niache. Mtaani naitwa Mama Zai mpaka leo, ila juu ya kopo la karanga siitwi hivyo tena.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tunzeni karatasi. Tunzeni risiti, ankara, picha za lebo zenye tarehe, na mikataba ya wasambazaji, ambayo iseme wazi kwamba jina ni lako na msambazaji anapewa mzigo tu. Na jina lenyewe lichagueni kwa akili. Wazo langu la pili lilikuwa Karanga Bora za Dodoma, likagonga mwamba, maana maneno yanayoeleza tu bidhaa, sifa yake au mahali inakotoka ni vigumu kumilikishwa mtu mmoja, kwa kuwa kila mkaangaji anayahitaji. Nikachukua neno la Kigogo ambalo bibi yangu wa Hombolo alilitumia kutuita tukichelewa kurudi shambani, neno lisilohusiana na karanga hata kidogo. Sitalitaja, kwa kuwa makala hii si tangazo, ingawa nakiri vidole vinaniwasha. Alama husajiliwa kwa madaraja, yaani makundi ya bidhaa, nami nililisajili katika daraja la 29, ambamo zimo karanga zilizosindikwa na siagi yake, pamoja na mafuta ya kula. Nikitaka kesho kutengeneza peremende za ubuyu, hizo ni za daraja la 30, nami nitalazimika kuomba upya. Usajili wa kwanza hudumu miaka saba, kisha huhuishwa kwa miaka kumi kumi. Anayepeleka mzigo Unguja ajue kwamba Zanzibar ina usajili wake, na cheti cha Bara hakivuki bahari pamoja na katoni.

Mtaniambia kwamba ninyi bado ni wadogo, na mambo ya alama ni ya viwanda vikubwa. Hivyo ndivyo nilivyosema. Mtu haibi jina ambalo halijaanza kuuza, na siku litakapoanza kuuza, wewe utakuwa na shughuli nyingi mno jikoni kuliko za kufuatilia jarida. Tunzeni karatasi, narudia.

Yule dada wa Kibaigwa nimemjibu kwamba rangi tutaijadili baadaye. Kwanza aombe upekuzi wa jina lake kwenye rejesta ya alama, daraja la 29, kisha apeleke ombi, na mchapishaji wa lebo amwambie asubiri. Amenijibu kwamba ameshalipa nusu ya malipo. Nimemwambia aitunze risiti.